Jerikeni ya Jorma

Kemi, Desemba. Saa tatu asubuhi na usiku haujaondoka;
gari la kuzoa theluji linakwaruza uani
kama mtu anayekomba ukoko wa jana.
Humu sebuleni, katika lita mia nne za bahari
niliyoikoroga mwenyewe kwa chumvi ya gunia,
taa ya buluu imewaka
na matumbawe yanaamini kumekucha.

Nawe, mashine, umeanza kazi.
Unavuta maji kwa mrija, unayatikisa,
unadondosha asidi, tone,
tone,
unangoja,
tone,
kisha unanitemea namba kwenye simu
kama karani asiyeinua macho.

Niseme ukweli: aliyekudanganya ni mimi.
Chupa yako halali ni euro arobaini na tisa,
ina chipu kitakoni, na mwezi ukiisha inalia njaa.
Pensheni yangu haina chipu.
Nikanunua ya Jorma wa Tornio, jerikeni nzima euro kumi na moja,
imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: SAWA NA ILE.
Nikaimimina usiku, kwa faneli, ndani ya chupa yako tupu,
kama mtoto ajazaye maji
kwenye chupa ya pombe ya babaye.

Ukanywa. Hukukunja hata uso.

Saba nukta tisa, ukasema. Kesho yake saba nukta saba.
Jumapili, saba nukta nne,
na kila uliposhusha namba pampu iliitikia,
ikaongeza, ikaongeza, mtumishi mtiifu wa bwana aliyekosea.

Marjukka ndiye aliyeona, bila chombo, akiwa na soksi mkononi.
"Lile la zambarau limeota mvi."
Nikamwambia lina njaa, pampu inalilisha.
"Hapana," akasema, "hiyo si njaa.
Mama yangu alikufa kwa njaa ya kulishwa."
Sikumwelewa. Nikaenda kabatini.

Bureti yangu imelala humo, imeviringishwa taulo la sauna,
tangu kiwanda cha karatasi kilipofungwa
na kila mtu wa maabara akaondoka na kilichotosha kotini.
Seppo alichukua saa ya ukutani. Mimi, hii.
Miaka thelathini na mmoja kiganja changu kilifungua bomba lake
robo ya robo, mpaka rangi igeuke,
na kiganja, kumbe, hakikupewa barua ya kuachishwa.

Nane nukta tisa.
Nikarudia. Nane nukta tisa.
Mara ya tatu nilimpa Marjukka asome mstari, macho yangu hayaaminiki:
"Nane nukta tisa. Na kahawa imepoa."

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.
Jorma sikumsifu; akalizidisha ukali.

Wala wewe, mashine, hukusema uongo.
Ulihesabu matone sawasawa, ukayaamini matone.
Nami nisikucheke: mwaka ule wa mwisho
walikuja vijana watatu kutoka Helsinki, suti za kijivu,
wakatupima kwa asidi waliyokuja nayo kwenye mikoba.
Tulionekana pungufu.
Hakuna aliyeuliza ilichanganywa wapi.

Jerikeni sikuimwaga. Euro kumi na moja ni euro kumi na moja.
Nimekata kipande cha plasta, nimekibandika ubavuni, nimeandika:
ZIDISHA KWA MOJA NUKTA MBILI.
Pampu nimeizima siku nne.
Tawi la zambarau bado lina ncha nyeupe, mbili zimevunjika,
moja, labda, inarudisha rangi,
au ni ile taa.

Saa tano kasorobo. Dirishani anga limepata kijivu kidogo,
kitakachodumu mpaka baada ya chakula.
Unavuta maji. Tone.
Marjukka ameleta kiti, anahesabu matawi kwa sauti.
Mimi nina penseli,
nangoja useme, nizidishe.